Kubadilisha pikapu za gitaa la umeme: Mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa fedha

Na Mwandishi Wetu

GITAA la umeme linapoanza kunguruma ovyo au kutoa sauti hafifu katikati ya ibada au dansi, jawabu la kwanza linalotolewa na wengi ni moja: pikapu zimechoka, zibadilishwe. Jawabu hilo laweza kuwa sahihi, lakini laweza pia kuwa kosa la gharama kubwa.

Kwa mpigaji anayeishi Dar es Salaam, kosa hilo husahihishwa kwa kurudi Kariakoo siku inayofuata na kubembelezana na mwenye duka. Kwa kwaya au bendi iliyoko Heru Juu, katika milima ya Kasulu mkoani Kigoma, hali ni tofauti. Kifaa husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na fedha za kukinunua aghalabu hutokana na michango ya wakulima wa maharage, mahindi, migomba na kahawa. Kikifika na kuonekana hakifai, hakuna duka la jirani la kukibadilishia.

Makala haya yanaeleza pikapu ni nini, zipo za aina gani, kasoro zipi za gitaa hazitokani nazo, na mnunuzi azingatie yapi ili fedha za wengi zisipotee bure.

Ala iliyozoeleka nyanda za juu

Heru ni jina la mojawapo ya himaya za kale za Waha. Miongoni mwa watawala wake wa mwisho, kabla ya uchifu kufutwa baada ya Uhuru, alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Leo Heru Juu ni eneo la vilima, mashamba na makanisa, na ndani ya makanisa mengi ya nyanda hizo za Kasulu na Kibondo gitaa la umeme limekuwa ala ya kawaida kando ya kinanda na ngoma.

Mkoa wa Kigoma unatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na muziki wa magitaa umekuwa ukivuka ziwa hilo kwa miaka mingi. Sauti za magwiji wa Kongo kama vile Franco Luambo Makiadi (1938-1989) na Nico Kasanda (1939-1985) zilisikika redioni Afrika Mashariki nzima. Shem Ibrahim Karenga, mzaliwa wa Kigoma, alipigia bendi ya Lake Tanganyika Jazz kabla ya kujiunga na Tabora Jazz, ambayo alivuma nayo.

Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kwaya za wakimbizi hao zilikuja na mapigo yao ya gitaa. Ndiyo maana swali la pikapu, ambalo laweza kuonekana la wapigaji wa mijini tu, lina uzito wake pia katika nyanda za Buha.

Pikapu hufanyaje kazi

Jina pikapu lisimchanganye msomaji, kwani hapa hakuna gari. Pikapu ni kinasa mtetemo kinachofungwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Bila kifaa hicho, gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi, na sauti yake haivuki meza ya pili.

Msingi wa kazi yake ulionyeshwa mwaka 1831 na mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, aliyethibitisha kuwa nguvu ya sumaku inapobadilika karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Katika pikapu, sumaku huutia uzi wa chuma usumaku. Uzi ukipigwa hutetemeka, nguvu ya sumaku inayopita katika koili hubadilika kwa mwendo uleule, na umeme mdogo huzaliwa.

Uzi mnene wa juu wa gitaa, ukiwa wazi, hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde, na ule mwembamba wa chini takriban mara 330. Umeme unaotoka katika pikapu hufuata idadi hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, nyuzi za nailoni hazisikiki kabisa katika pikapu ya sumaku.

Ndani ya pikapu mna waya wa shaba wenye unene wa takriban milimita 0.06, uliopakwa utando wa kuzuia umeme na kuzungushwa maelfu ya mara. Pikapu ya koili moja ya kawaida huwa na mizunguko inayokaribia 8,000. Waya huo ukikatika mahali pamoja tu, pikapu hunyamaza au kutoa sauti nyembamba mno.

Gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa sokoni kwa njia hii lilitengenezwa Marekani na George Beauchamp na Adolph Rickenbacker. Lilianza kuuzwa mwaka 1932, na Beauchamp alipata hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1937.

Aina kuu tatu

Pikapu zilizoenea duniani zaweza kugawanywa katika makundi makuu matatu.

La kwanza ni pikapu za koili moja. Hizi ndizo zilizowekwa katika magitaa ya kampuni ya Fender, ikiwamo Stratocaster iliyotoka mwaka 1954 ikiwa na pikapu tatu. Sauti yake ni safi, kali na yenye kukata, na kila uzi husikika peke yake. Udhaifu wake ni mngurumo, kwa kuwa koili hunasa pia mawimbi ya umeme yaliyo hewani kutoka katika nyaya, taa za mirija, transfoma na chaja.

La pili ni pikapu za koili mbili, ambazo wapigaji huziita hambaka. Mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza yake mwaka 1955, na magitaa yenye pikapu hizo yalianza kuuzwa mwaka 1957. Koili mbili huwekwa ubavu kwa ubavu, zikiwa zimezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa kinyume. Matokeo yake ni kwamba sauti ya nyuzi hujumlishwa, ilhali mngurumo wa koili moja hufutwa na ule wa koili ya pili. Sauti yake ni nene na yenye nguvu zaidi, ingawa hupungukiwa ule ukali wa juu.

Kati ya makundi hayo mawili ipo P-90 ya Gibson, iliyoanza mwaka 1946. Ni ya koili moja, lakini pana na yenye mizunguko mingi zaidi, hivyo sauti yake ni nzito kuliko ya Fender na mngurumo wake upo palepale.

Kundi la tatu ni pikapu zinazotumia betri, kwa kawaida ya volti 9. Ndani yake mna kikuza sauti kidogo. Kampuni ya EMG ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1976, ndiyo iliyojulikana zaidi kwa aina hii. Mngurumo wake ni mdogo na sauti yake haififii kwa urefu wa waya, lakini betri ikiisha katikati ya wimbo, gitaa huisha nayo.

Biashara ya pikapu za kubadilishia ilishika kasi miaka ya 1970. Larry DiMarzio alitoa pikapu yake ya Super Distortion mwaka 1972, na Seymour Duncan akaanzisha kampuni yake huko California mwaka 1976. Leo viwanda vya Korea Kusini, China na Indonesia hutoa pikapu za kila bei, nyingine nzuri na nyingine za kuganga njaa.

Kasoro zisizotokana na pikapu

Pikapu ni kifaa kigumu kufa. Haina sehemu inayosogea, na nyingi zilizofungwa miaka ya 1950 bado zinafanya kazi hadi leo. Kwa hiyo kabla ya kuzilaumu, yafaa kuchunguza mambo mengine kwa utaratibu, kuanzia yale yasiyo na gharama.

Kwanza ni nyuzi. Nyuzi zilizoshika kutu au jasho hupoteza ule mng'aro wa sauti, na mpigaji hudhani pikapu imezeeka. Seti mpya ya nyuzi ni rahisi mara nyingi kuliko pikapu.

Pili ni waya wa kuunganishia gitaa na amplifaya. Gitaa lijaribiwe kwa waya mwingine na, ikiwezekana, kwa amplifaya nyingine.

Tatu ni tundu la jeki, swichi na volyumu. Sauti ikikatika pale waya unapotikiswa, kosa liko kwenye jeki. Ikikwaruza volyumu inapozungushwa, kosa liko kwenye volyumu, ambayo huweza kusafishwa kwa dawa ya kupuliza itumiwayo na mafundi redio.

Nne ni urefu wa pikapu. Pikapu hupandishwa na kushushwa kwa skrubu. Ikiwa mbali mno na nyuzi, sauti huwa hafifu; ikiwa karibu mno, sumaku huvuta nyuzi, na sauti huyumba kana kwamba gitaa halikulinganishwa. Kwa pikapu za koili moja, kipimo cha kuanzia ni nafasi ya takriban milimita 2 kati ya sumaku na uzi, wakati uzi umebanwa kwenye kituo cha mwisho cha shingo. Magitaa mengi yanayodaiwa kuwa na pikapu dhaifu huponywa na bisibisi.

Baada ya hapo ndipo pikapu yenyewe ipimwe. Fundi redio yeyote mwenye mita anaweza kupima ukinzani wake. Pikapu nzima ya koili moja kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5 na 7, na ya koili mbili mara nyingi kati ya 7 na 16. Mita isiposoma chochote, waya umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, umeme unapita njia ya mkato. Hizo mbili ndizo dalili za pikapu iliyokufa.

Zipo pia pikapu zinazopiga filimbi kali sauti inapoongezwa. Hizo koili zake zimelegea, na dawa yake ya kale ni kuzichovya katika nta iliyoyeyushwa kwa moto wa chini. Kazi hiyo inahitaji fundi makini, kwani joto likizidi huharibu vikasha vya plastiki vya pikapu.

Mngurumo na umeme wa milimani

Suala la mngurumo lina uzito wa pekee Kigoma. Kabla ya mkoa huo kuanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa katika miaka ya karibuni, miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo ilitegemea jenereta za dizeli, na hadi sasa ibada na sherehe nyingi za vijijini huendeshwa kwa jenereta ndogo au umeme wa jua.

Umeme wa Tanzania huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mngurumo unaosikika katika gitaa hutokana na mzunguko huo pamoja na mafungu yake. Inveta za bei nafuu za umeme wa jua huongeza tatizo, kwa kuwa mawimbi yake hayapandi na kushuka taratibu bali huruka kwa ngazi. Ngazi hizo husikika katika pikapu ya koili moja kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Lipo jaribio rahisi. Mpigaji aguse nyuzi kwa kiganja. Mngurumo ukipungua, waya wa ardhi ndani ya gitaa ni mzima, na kinachokosekana ni kinga. Usipobadilika au ukizidi, yamkini waya unaounganisha daraja la gitaa na mfumo wa ardhi umekatika, au nyaya mbili zimegeuzwa wakati wa kulehemu.

Kinga huwekwa kwa kutandika karatasi ya shaba yenye gundi ndani ya shimo la pikapu na kuiunganisha na waya wa ardhi. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni nayo hufanya kazi hiyo, isipokuwa risasi ya kulehemu haishiki juu yake, hivyo waya wa ardhi hubanwa kwa skrubu.

Hapa pana jambo kubwa kuliko uzuri wa sauti. Mpigaji akipigwa na shoti mdomo wake unapogusa kipaza sauti, tatizo haliko kwenye pikapu, na upigaji unapaswa kusimamishwa papo hapo. Mei 1972, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, Uingereza, baada ya kupigwa na umeme kupitia kipaza sauti kisicho na ardhi sahihi. Amplifaya, mikisa na jenereta lazima viwe na waya wa ardhi, na vyote vichukue umeme sehemu moja. Kukata waya wa ardhi ili mngurumo upungue ni kucheza na roho za watu.

Muziki upi, sauti ipi

Ikishathibitika kuwa pikapu yahitaji kubadilishwa, swali linalofuata ni la muziki wenyewe.

Katika muziki wa dansi wa Tanzania na Kongo, pamoja na kwaya nyingi zilizofuata mkondo huo, magitaa hugawana kazi. Gitaa la solo huongoza na kupamba, hasa wimbo unapoingia kwenye sebene. Gitaa la ridhimu hushika mwendo, na besi hubeba msingi. Sauti inayotakiwa kwa solo ni safi, nyembamba kiasi na isiyokwaruza, ili nota za haraka zisimezwe na ngoma wala na magitaa mengine.

Kwa kazi hiyo, pikapu ya koili moja, au ya koili mbili yenye nguvu ya wastani, hufaa zaidi kuliko zile zenye nguvu nyingi. Pikapu nyingi zinazotangazwa kwa maneno makali ziliundwa kwa ajili ya muziki wa roki wenye sauti ya kukwaruza. Zikifungwa kwenye gitaa la solo la kwaya, hulemea amplifaya, na nota hushikana.

Mahali pa pikapu pana maana kubwa kama aina yake. Iliyo karibu na daraja hutoa sauti kali na ya kukata, na iliyo karibu na shingo hutoa sauti ya mviringo. Kwa kuwa uzi hutetemeka kidogo karibu na daraja, pikapu ya hapo kwa kawaida hupewa mizunguko mingi zaidi. Mnunuzi aulize bayana kama pikapu anayoinunua ni ya daraja au ya shingo.

Kusoma vipimo

Kipimo kinachotajwa sana na wauzaji ni kilo-omu, na wengi huamini kuwa namba kubwa ni ubora mkubwa. Si hivyo. Ukinzani huonyesha urefu na wembamba wa waya tu. Waya mwembamba zaidi hupandisha namba hata kama mizunguko ni ileile. Namba hizo zafaa kulinganisha pikapu za muundo mmoja na waya mmoja. Kulinganisha nazo pikapu za aina tofauti ni sawa na kulinganisha magunia kwa urefu wa kamba zilizoyafunga.

Kipimo cha pili ni sumaku. Alniko ni mchanganyiko wenye aluminiamu, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Alniko namba 2 huelekea kutoa sauti laini, na namba 5 sauti yenye nguvu na ukali zaidi. Sumaku za kauri ni rahisi kwa bei, na mara nyingi hupatikana katika magitaa ya bei ya chini pamoja na pikapu zenye nguvu kubwa. Kauri si lazima iwe mbaya, kwani sauti ya mwisho hutegemea pia koili.

Kipimo cha tatu, kinachosahaulika mara nyingi, ni umbo. Pikapu ya koili mbili haiingii katika shimo la koili moja bila kuchonga ubao. Nafasi ya nyuzi nayo hutofautiana: kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, baadhi ya pikapu zina takriban milimita 50 na nyingine takriban 52. Kwa gitaa la besi tofauti ni kubwa zaidi, hivyo isinunuliwe pikapu ya besi bila kupeleka vipimo vya ile ya zamani. Rula na karatasi vitangulie fedha.

Kipimo cha nne ni volyumu. Pikapu za koili moja hutumia kwa kawaida volyumu za kilo-omu 250, na za koili mbili kilo-omu 500. Anayefunga koili mbili na kuacha volyumu za 250 hupata sauti iliyofunikwa, kisha hulaumu pikapu mpya. Kapasita ya toni nayo mara nyingi huwa maikrofaradi 0.047 kwa koili moja na 0.022 kwa koili mbili.

Gitaa moja kwa moja kwenye mikisa

Makanisa mengi hayana amplifaya ya gitaa. Gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa inayotumiwa na vipaza sauti, na sauti hutoka butu. Kosa hapa haliko kwenye pikapu. Pikapu isiyo na betri huhitaji kuunganishwa na tundu lenye ukinzani mkubwa, takriban mega-omu 1, ilhali matundu mengi ya mikisa yana sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Ukali wote wa juu humezwa hapo. Waya mrefu huongeza hasara hiyo.

Dawa ni kisanduku cha kati kiitwacho DI chenye kikuza sauti, au mikisa yenye tundu maalumu la gitaa. Kisanduku hicho kimoja huweza kurudisha uhai wa gitaa zaidi ya seti nzima ya pikapu mpya. Kwa wasio na kisanduku, pikapu za betri hufaa, mradi betri za volti 9 zipatikane karibu na waya uchomolewe kila baada ya kupiga, kwani katika magitaa mengi ya aina hiyo betri huendelea kuliwa waya ukiwa umechomekwa.

Kufunga bila kuharibu

Kazi ya kufunga yaweza kufanywa na fundi redio mzoefu, hata yule anayepasha pasi ya kulehemu kwa mkaa. Kabla ya kukata waya wowote, mchoro wa nyaya zilizopo uchorwe au upigwe picha kwa simu. Risasi ishikishwe upesi, kwani joto la muda mrefu huua volyumu.

Rangi za nyaya hazifanani kwa kampuni zote. Katika pikapu za koili mbili za Seymour Duncan, waya mweusi ndio wa kutoa sauti, wa kijani ni wa ardhi, na mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio wa kutoa sauti, wa kijani ni wa ardhi, na mweusi na mweupe huunganishwa. Anayefuata mchoro wa kampuni moja kwa pikapu ya kampuni nyingine hupata gitaa bubu au lenye sauti ya bati.

Sauti ya bati ina chanzo kingine pia. Pikapu mbili zikipigwa pamoja huku moja ikisukuma na nyingine ikivuta, hufutana, na sauti hubaki nyembamba. Hali hiyo hutokea sana pikapu ya kampuni moja inapochanganywa na ya kampuni nyingine. Mara nyingi hutibiwa kwa kugeuza nyaya mbili za pikapu moja, ila kama kifuniko chake cha chuma kimeunganishwa na waya wa ardhi, muunganiko huo utenganishwe kwanza.

Pikapu ya zamani isitupwe. Kama ni nzima, ni akiba. Kama imekufa, waya wake waweza kuzungushwa upya na fundi anayezungusha koili za mota ndogo, endapo atapata waya mwembamba wa kiasi kile na ana subira ya kuhesabu maelfu ya mizunguko.

Mfano wa uamuzi

Chukulia kwaya ya Heru Juu yenye gitaa moja la pikapu tatu za koili moja, linalochomekwa kwenye mikisa na kuendeshwa kwa inveta ya umeme wa jua. Sauti ni butu, mngurumo ni mkubwa, na wanakwaya wameshachangishana fedha za seti nzima ya pikapu.

Hatua ya kwanza ni nyuzi mpya, kupima urefu wa pikapu na kusafisha volyumu. Ya pili ni kujaribu gitaa hilohilo kwenye amplifaya ya kuazima inayotumia umeme wa gridi au jenereta. Ubutu ukitoweka, tatizo lilikuwa mikisa. Mngurumo ukipungua, lilikuwa inveta. Ya tatu ni kutandika kinga ndani ya gitaa na kuhakikisha ardhi iko sawa.

Ikiwa baada ya hayo yote mngurumo bado unakera, kwaya haihitaji seti nzima. Mpigaji wa solo hutumia zaidi pikapu ya daraja. Zipo pikapu za koili mbili zilizobanwa katika umbo la koili moja, ambazo huingia katika shimo lilelile bila kuchonga ubao na kufuta mngurumo. Moja ya aina hiyo, ya nguvu ya wastani, yatosha, na fedha zinazobaki zaweza kununua kisanduku cha DI.

Kwaya hiyo ikiagiza kutoka Dar es Salaam au nje, bidhaa bandia zenye majina ya kampuni kubwa zipo sokoni. Anayenunua kwa niaba yao aende dukani na mita, apime ukinzani wa kila koili, aulinganishe na ule uliotangazwa na kampuni, na aondoke na stakabadhi yenye ahadi ya kubadilishiwa. Mwenye duka anayekataa pikapu isipimwe mbele yake amekwisha kujibu swali.

Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Kwa upande wa pikapu, hata ya ghali huuvunja upishi ikinunuliwa kabla ya kujua gitaa linaumwa nini. Mita ya fundi, bisibisi na seti ya nyuzi ndivyo vitangulie safari ya Kariakoo.